Zamu ya Kidawa

Usiku wa kuamkia leo niliota mume wangu ameoa mke wa pili, mke mwenyewe pomboo, na mimi ndiye niliyetakiwa kumtandikia kitanda.

Nikatandika shuka ya maua ya zambarau, ile ya zamani iliyotoboka upande wa ukutani. Nyeupe mpya sikuitoa.

Lakini nisikuache nje ya mlango, msomaji wangu. Nikueleze kwanza habari za mchana, kisha tulale.

Mume wangu anaitwa Pandu. Zamani alikuwa mtegaji wa jarife, ule wavu mrefu unaosimama majini kama ukuta. Siku moja pomboo alinasa humo akafa kwa kukosa pumzi, maana pomboo si samaki, anavuta hewa kama mimi na wewe. Pandu alirudi nyumbani hakula. Jarife akalitia ndani ya gunia, akalifunga fundo, akalisukuma uvunguni mwa kitanda chetu. Akaniambia hilo nimelisuka mimi kwa hiyo ni langu, nifanye nitakalo, ila baharini lisirudi. Kweli nililisuka mimi. Hata maboya yake niliyakata mwenyewe kutoka kandambili zangu chakavu, za buluu.

Tangu hapo Pandu ni mlinzi. Kila alfajiri anatoka na boti ya kijiji kuwazuia wenye boti za wageni wasiwafukuze pomboo. Masharti ameyahifadhi, na huyasema hata tonge likiwa mdomoni: simama mbali, hatua hamsini, usimkatie njia, zima mashine, usimguse, usimtupie chakula, ukishamwona ondoka, umpishe.

Hayo yote sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na huyo mmoja. Jike. Pezi lake la mgongoni lina pengo kama mkate uliomegwa, alikatwa na panga la mashine ya boti. Pandu amempa jina, anamwita Kidawa. Mimi niliyemzalia watoto ananiita mama Mcha, na akiwa na haraka ananiita wewe.

Kidawa leo kalala upande mmoja. Kidawa leo kaja na mwanawe. Juzi nilipaka hina miguu yote miwili hadi juu ya vifundo, nikainyoosha mkekani makusudi. Pandu akaitazama muda mrefu. Nikasema moyoni, leo nitapata neno. Akasema, "Kile kidonda cha Kidawa kimefunga."

Basi jana alasiri akaja Vuai, mtoto wa kaka yangu, mtu mzima mwenye mke na chombo chake. Kasikia gunia liko uvunguni. Anataka jarife akalitege Mkondo Mweusi, ile njia ya maji ya kina inayopita kati ya miamba mbele ya kijiji chetu. Huko ndiko anakopita Kidawa na mwanawe kila siku, njia nyingine hawana. Vuai anajua, nami najua. Ningeweza kusema hapana pale pale. Nilimwambia aje asubuhi nimpe jibu. Pandu sikumwambia kitu. Nikalala, gunia likiwa chini yangu.

Haya, sasa tulale.

Nimemaliza kutandika. Mlangoni hodi. Nasema karibu. Anaingia Kidawa, anatembea kwa mkia, mkeka wake ameukunja na kuubana chini ya pezi. Amejitanda kanga yangu niliyoipoteza mwaka wa mvua kubwa. Mwanawe yuko nyuma, anashika pindo.

"Shikamoo, bi mkubwa," anasema.

Jina hilo hupewa mke wa kwanza. Naitikia marahaba, maana adabu ni adabu, lakini naitikia kwa pua.

Pandu yuko kitandani, anakata kucha. Namwendea nimwulize ameoa lini na mchele wa harusi umepikwa wapi. Kabati linakohoa.

"Simama hapo hapo," linasema. "Hatua hamsini."

Naliambia kabati kwamba chumba hiki kizima hakifiki hatua sita, na ninakijua kwa sababu ninakifagia. Kabati linasema kufagia si kazi yake. Chumba kinaanza kujinyoosha. Ukuta unakwenda, kitanda kinakwenda, Pandu anakwenda, hadi anakuwa mdogo kama punje ya mtama, na bado anakata kucha. Nasikia kila ukucha ukianguka.

Kisha nasikia mngurumo. Nauliza ni boti ya nani imeingia chumbani. Kabati linasema ni mimi. Najitazama. Kiunoni inaning'inia kamba ya kuwashia mashine, na mgongoni natoa moshi.

"Zima hiyo," anasema Pandu kwa mbali. "Unamtia hofu."

"Sijui inavyozimwa," nasema. "Inawaka tangu siku uliyompa jina."

Najaribu kumwendea kwa pembeni, kabati linasema sawa, kwa pembeni inaruhusiwa, ila polepole. Nafika nusu ya njia. Birika linapiga mluzi jikoni. Kabati linasema muda wangu wa kumtazama umekwisha, kuna mwenzangu anangoja, niondoke nimpishe.

Nimpishe. Mume wangu mwenyewe.

Nasema sikubali, twende kwa kadhi. Nafungua mlango wa jikoni na kuingia darasani, lile darasa la tatu nililosomea utotoni, ubao ule ule, na jina langu bado limeandikwa kwenye orodha ya wapiga kelele.

Kadhi ni nyangumi. Amejaa darasa zima. Mkia umetokea dirishani na watoto wa shule wamekaa kwenye kivuli chake wanakula maembe. Kichwani ana kilemba kikubwa cha kamba nene, kamba ya wavu wa meli, imemzunguka mpaka imeingia nyamani. Namsifia kilemba, ili kesi ianze vizuri.

"Sikukifunga mimi," anasema kadhi. "Nilipita tu."

Tunatakiwa kunong'ona. Kadhi masikio yanamwuma. Anasema njia nzima, kutoka kwenye maji ya baridi huko kusini, alikuwa anamwita dada yake, na dada yake alikuwa anamwita yeye, lakini katikati yao palikuwa na meli zinanguruma, na hata sasa hajui dada yake alikuwa anasema nini. Anatutazama kama anayetumaini kwamba sisi tulisikia. Nasema pole. Kidawa anasema pole. Ni mara ya kwanza sisi wawili tunasema neno moja, na linaniudhi.

Natoa mashtaka yangu kwa kunong'ona, na ukinong'ona wivu unatoka mkali zaidi, jaribu siku moja uone. Nasema huyu mwanamke hapiki, hafui, hajawahi kumpangusa mtu jasho la homa. Hana mvi hata moja. Ananuka samaki tangu asubuhi hadi jioni na haambiwi kitu. Mimi nikikaanga kitunguu naambiwa nifungue dirisha. Mume wangu anatoka nyumbani kwenda kumwamkia yeye kabla hajaniamkia mimi. Nasema na kule kuruka kwake juu ya maji, mtu mwenye mtoto, anajionyesha kwa nani?

Kadhi anavuta pumzi. Akivuta, dari linapanda. Akishusha, linarudi, na chaki zote zinalowana. Anamwuliza Kidawa ana la kusema.

"Mimi sikuomba kutazamwa," anasema Kidawa. "Niliomba kupita."

Kadhi anafikiri mpaka watoto wanamaliza maembe. Kisha anakata shauri. Anasema sheria inajulikana, mume wa wake wawili hugawa zamu, kila mke apate sawa na mwenzake. Alfajiri zote zimekuwa za Kidawa na usiku wote umekuwa wangu, hapo hakuna aliyedhulumiwa. Lakini mimi naonea gere mahali pa Kidawa, na Kidawa hajawahi kuona mahali pangu. Kwa hiyo tubadilishane, zamu moja tu. Kidawa alale kitandani kwangu. Mimi nikalale Mkondo Mweusi.

"Na mtoto?" nauliza.

"Mtoto hukaa mkondoni," anasema kadhi. "Humfuata mwenye zamu."

Nakubali upesi. Nilitaka kuona huko mkondoni kuna nini kinachomtoa mume wangu kwenye joto la shuka.

Sakafu ya darasa ni maji. Niko mkondoni, na kanga yangu, na hina yangu, na mtoto wa Kidawa ubavuni. Ni mchana mweupe. Maji ni ya buluu na yametulia, na mwanzoni nasema ndiyo, hapa hata mimi ningeamka alfajiri nije.

Nina tundu utosini. Ninapanda juu kuvuta hewa, na nikitoa tu kichwa, boti hii hapa. Nashuka. Napanda upande wa pili. Boti nyingine. Zinanikatia njia, moja mbele, moja nyuma, mashine zinalia ndani ya meno yangu. Wageni wamevaa majaketi ya kuokolea, ingawa anayezama ni mimi. Mwanamke mmoja anasema anacheka huyu, tazama anacheka. Sikuwa nikicheka. Ndivyo mdomo wangu ulivyo nikiwa huko. Mwingine ananitupia kipande cha biskuti, kisha mwingine anajirusha majini aje anishike pezi. Nashuka kabla sijashiba hewa.

Ndipo namsikia Pandu. Amesimama kwenye boti ya kijiji, sauti imemkauka, anawasihi. Rudini nyuma. Zimeni mashine. Mpisheni ana mtoto. Mmoja wa wenye boti anamwambia mzee nenda kalale, hao samaki umewaoa? Wenzake wanacheka. Pandu hacheki wala hakasiriki, anaingiza boti yake katikati, anakaa pale kama kizingiti, nami napata nafasi, napanda, navuta pumzi ndefu tamu kuliko maji ya dafu.

Moyo wangu unajaa. Namwambia Mungu, kumbe mzee huyu ananipenda hivi.

"Nenda, Kidawa," anasema Pandu, akinitazama machoni. "Nenda mama."

Nilikuwa majini na bado nikawaka.

Nageuka kwa hasira, nazama chini, mtoto nyuma yangu, na sikutazama ninakokwenda. Nafika kwenye nyumba. Nyumba ndefu, nyembamba, haina paa wala sakafu. Nakwama kichwa. Nikijivuta, nakwama mkono. Mtoto naye anakwama kando yangu.

"Karibu, mama," inasema nyumba. Ni jarife langu. Nalijua mshono kwa mshono, nimelisuka nikiwa na mimba ya Mcha. "Umeniweka gizani siku nyingi. Nimeshukuru umenitoa."

"Sijakutoa," nasema. "Jibu ni asubuhi."

"Ulipomwambia njoo asubuhi, mimi nilijua," linasema jarife. Halina ubaya katika sauti. Linasema kama fundi aliyeagizwa kazi. Juu yake yamepangana maboya, kandambili zangu za buluu, nayo yananitazama. Yanasema tulikuchukua kisimani, tulikuchukua shambani, tulikuchukua hospitali siku ya kujifungua, na sasa tumeambiwa tushike hapa, basi tunashika.

Nayaambia yameshika mtu siye. Jarife linasema halina kazi ya kuuliza majina.

Pumzi inaanza kuniisha. Mtoto wa Kidawa ananiwekea mdomo wake chini ya kidevu na kunisukuma juu. Mwenyewe amenasa mkia, lakini ananisukuma mimi. Nakumbuka mkunga wangu, Bi Patima, akiniambia vuta, vuta tena, usilale. Namwambia mtoto aache, ajitoe yeye. Haelewi. Kwao ukiona mwenzio anazama unamwinua, hata kama hamsalimiani.

Kidawa anakuja. Amevaa shuka yangu nyeupe mpya, kaipata wapi sijui. Anasimama upande wa pili wa wavu, hagusi. Anamtazama mwanawe, kisha ananitazama mimi.

"Kitendawili," anasema.

Mimi mtu ukinitegea kitendawili, hata nikiwa kwenye maziko, siwezi kunyamaza. "Tega."

"Nyumba yangu ni madirisha matupu, na aingiaye hatoki."

Nalijua jibu. Nilikuwa ndani yake. Lakini kulisema mbele yake, kwa mdomo wangu, kwamba ni jarife, kwamba nimelisuka mimi na jana alasiri lilikuwa mkononi mwangu kulitoa au kulinyima, sikuweza. Mimi ambaye kijiji kizima hakijawahi kunishinda.

"Sijui," nasema.

"Basi nipe mji."

Ndiyo kanuni. Usipojua unatoa mji. Nachagua mji ulio mbali na bahari kuliko yote ninayoikumbuka. "Nakupa Dodoma."

Tuko Dodoma. Vumbi, jua, mizabibu. Maji hayapo hata ya kunawa. Jarife limesimama katikati ya shamba, na mimi na mtoto tumo. Mwenye shamba anapita na baiskeli, anatuuliza kama tumeoteshwa au tumejiotea. Mgongo wa mtoto unaanza kukauka, unapasuka kama udongo. Kidawa anafanya kama inavyotakiwa, anasimulia safari yake: "Nilikwenda Dodoma, watu wake wema, wakanipa zabibu. Lakini mwanangu hakupata pa kupumua. Mji huu siuchukui. Nipe mwingine."

Tumerudi majini. Mtoto ananisukuma tena, safari hii kidogo, nguvu zinamwisha.

Sitaki mfikiri wivu ulinitoka. Haukunitoka. Nilimtazama Kidawa na lile pengo lake la pezini, na ngozi yake isiyo na kunyanzi, na shuka yangu, na bado nilitamani ateleze aanguke. Lakini mtoto alikuwa na mdomo wake chini ya kidevu changu.

"Nakupa Mkondo Mweusi," nasema. "Wote. Na miamba yake."

Jarife linashtuka. Linauliza kama nimesema kweli, nasema kweli. Linauliza mbele ya nani, nasema mbele ya kandambili zangu. Linafikiri kidogo, kisha linaanza kulegea jicho kwa jicho.

"Basi siwezi kukaa," linasema. "Sitegwi katika mji wa mtu." Na linajikunja lenyewe, vizuri, kama nguo iliyopigwa pasi.

Mtoto anapanda juu. Nasikia akivuta pumzi. Kidawa haniambii ahsante. Anachuna boya moja kwa meno, polepole, ananionyesha kwamba amechukua moja tu.

"Na jibu?" nauliza. Maana aliyepewa mji hutoa jibu, hiyo nayo ni kanuni.

"Jibu utalitoa wewe, bi mkubwa," anasema Kidawa. "Mimi nimeridhika na mji."

Nikaamka.

Upande wa Pandu palikuwa pamepoa, ameshaondoka. Shuka ilikuwa ile ya zambarau. Nikaswali, nikachemsha chai, na kabla haijaiva Vuai akapiga hodi.

Nilimwambia mkondo una mwenyewe. Akauliza nani, nikasema nimempa mtu. Akacheka, akasema shangazi, tangu lini mkondo ukatolewa. Nikamwambia kwa kitendawili hutolewa, na aliyetoa hanyang'anyi. Alinuna akaona bora anywe chai. Nilipoona amenuna sana nikamwambia jarife atalipata, lakini tutalikata vipande hapa hapa uani, awazungushie kuku wake, maana kunguru wamemmalizia vifaranga. Akasema hilo nalo neno.

Tukalivuta gunia. Fundo la Pandu lilikuwa vile vile, limeota vumbi hata likawa gumu, Vuai akalikata kwa kisu. Tukalitandaza. Maboya yote yalikuwa mahali pake ila moja. Uzi wake ulikuwa umekatika, ncha mbichi. Vuai akasema panya. Tukakata.

Pandu alirudi jua limeshapanda. Aliona vipande vya wavu uani, akamwona Vuai anavibeba kwenda kwenye banda la kuku, akasimama. Alikaa mkekani karibu yangu kuliko anavyokaa siku zote, akaomba maji, akanywa. Kisha akatia mkono mfukoni.

"Kidawa alikuwa na hiki mdomoni," akasema. "Nimekichukua asije akakimeza. Watu wanatupa kila kitu baharini."

Nikakipokea. Kipande cha kandambili ya buluu, kimelika upande mmoja, ule ninaoukanyagia. Katikati kina tundu nililolitoboa kwa msumari wa moto.

Pandu akaendelea na habari zake. Akasema leo Kidawa kafanya jambo la ajabu, kaja mwenyewe hadi ubavuni mwa boti, kainua kichwa, kamtazama wee, kama mtu anayengoja kujibiwa. Uso wake mzee ulikuwa unang'aa aliposema hivyo, na mimi, nisiseme uongo, nilihisi ile mashine ikinguruma mgongoni.

Nikamwambia kesho akimwona asimame mbali, hatua hamsini, azime mashine, amwambie hivi: bi mkubwa kasema jibu ni jarife.

Pandu akanitazama. "Nani bi mkubwa?"

"Mimi," nikasema. "Na wewe anza kuniita hivyo."